Barua ya wazi kwa bodi na marais wa vyuo vikuu vya Weusi Marekani: mhesabuni kila aliyeingia

Waheshimiwa wajumbe wa bodi za wadhamini, marais wa vyuo na wakuu wa taaluma,

Kila mwaka mnaletewa mezani karatasi yenye namba moja iliyokolezwa wino: asilimia ya wanafunzi waliohitimu ndani ya miaka 6. Ikipanda pointi mbili, taarifa kwa waandishi wa habari hutoka siku hiyohiyo. Ikishuka hutafutwa wa kulaumiwa, na mara nyingi mzigo humwangukia mwanafunzi, kwamba alikuja hajaandaliwa. Sisi ni wachambuzi wa takwimu, washauri wa masomo na walimu tunaozungumza Kiswahili, na namba hizo ndizo kazi yetu ya kila siku. Tumechagua lugha hii kwa sababu miongoni mwa wazazi wanaowakabidhi watoto wao wamo Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaoishi Maryland, Texas na kwingineko. Nao huisoma namba hiyohiyo wakidhani inamhesabu mtoto wao. Kumbe aliyeanzia chuo cha jamii ili kuokoa ada, kisha akahamia kwenu mwaka wa tatu, hayumo kabisa.

Tunachoomba ni hiki, na mengine yote ni matawi yake: mhesabuni kila mwanafunzi aliyeingia mlangoni kwenu, kila asilimia mnayoitoa iseme nani yumo na nani hayumo, kisha kazi ifanyike pale hesabu inapoonyesha kidole.

Namba hiyo ya miaka 6 ilizaliwa na sheria ya 1990 ya haki ya mwanafunzi kujua. Ilisukumwa na wabunge, Seneta Bill Bradley akiwemo, waliotaka kufahamu kama wanamichezo wanaovijazia vyuo viwanja wanahitimu kweli. Kanuni yake ni nyembamba. Chuo huchukua wanafunzi wanaoanza elimu ya juu kwa mara ya kwanza, wa muda wote, wanaotafuta shahada, walioingia muhula wa Agosti. Kisha husubiri asilimia 150 ya muda wa kawaida, yaani miaka 6 kwa shahada ya miaka 4, na tarehe 31 Agosti ya mwaka wa sita hesabu hufungwa. Wanaoruhusiwa kuondolewa ni wachache: aliyefariki, aliyepata ulemavu wa kudumu uliomzuia kusoma, aliyeingia jeshini, aliyekwenda katika utumishi wa serikali kuu wa misaada nje ya nchi, na aliyetumwa na kanisa lake kwa umisheni. Aliyeshindwa ada hamo katika orodha ya wanaosamehewa.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Chuo kimepokea wanafunzi wapya 1,000 mwezi Agosti. Baada ya miaka 6, 380 wamehitimu hapohapo. Wengine 110 wamehitimu chuo kingine. Bado 70 wanasoma palepale, 60 wanasoma kwingine, na 380 hawaonekani popote. Serikali itaandika asilimia 38, basi. Wale 110 wenye shahada mikononi watakaa kapu moja na wale 380 waliopotea. Wakati huohuo chuo hicho kilipokea watu 400 waliohamia kutoka kwingine au walioanza Januari, na 240 kati yao wakahitimu. Hao 240 walivaa joho mbele yenu, mkawapa mkono, lakini katika asilimia 38 hawakuwahi kuwepo.

Dawa ya sehemu hii ipo na ni ya zamani kidogo. Tangu taarifa za 2015-16, mfumo wa takwimu wa serikali kuu, IPEDS, umekuwa ukikusanya kipimo kipana zaidi chenye makundi manne: wanaoanza kwa mara ya kwanza na waliotoka kwingine, kila upande ukigawanywa kati ya wa muda wote na wa muda pungufu. Hufuatiliwa kwa miaka 8, na wenye ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, hutenganishwa na wasio nayo. Ofisi zenu huijaza fomu hiyo kila mwaka kwa jasho. Ni vyuo vichache mno vinavyoiweka ukurasa wa mbele wa tovuti. Tunashangaa kuona chuo kinalalamika kwamba kipimo cha serikali kinakionea, ilhali kile kipana kimelala kabatini kwake chenyewe.

Kwa waliohama, National Student Clearinghouse, shirika linalokusanya kumbukumbu za usajili na shahada kutoka vyuoni, huweza kuonyesha walikoishia. Unapeleka faili la majina na tarehe za kuzaliwa, unarudishiwa vyuo walivyojiandikisha na shahada walizopata. Hapa yapo makosa mawili ya kuangalia. La kwanza ni majina: mwanafunzi aliyeandikwa kwa majina matatu kwenu na mawili kule alikohamia, au ambaye jina la babu limegeuzwa kuwa la ukoo, huweza kukosa kulinganishwa, na mashine humrudisha kama mtu aliyeacha masomo. Watoto wa kwetu wameumizwa sana na hili. La pili ni wale waliofunga kumbukumbu zao kwa mujibu wa sheria ya faragha ya elimu. Hao hurudi bila jina. Faili likirudi, kabla hamjaliamini, mtu akae na orodha ya "waliopotea" na kuwatafuta upya wenye majina marefu, yenye kistari, au yaliyobadilika baada ya ndoa. Ni kazi ya siku kadhaa kwa mtu mmoja, nayo huweza kubadilisha asilimia.

Lakini isichukuliwe kwamba shida yote ni ya kipimo. Hata ukiongeza wale 110 waliohitimu kwingine, chuo cha mfano wetu kinafika asilimia 49, na watu 380 wameondoka na deni bila shahada. Kisingizio cha "sisi tunapokea wale ambao wengine wanawakataa" ni kweli kwa nusu yake. Nusu nyingine ni yetu wenyewe, na tutaifikia.

Hata sifa tunazopenda kujipa zinahitaji kuchujwa. Tunasema kwamba vyuo hivi husajili kama asilimia 9 tu ya wanafunzi Weusi wa nchi nzima, lakini mwaka 2021-22 vilitoa asilimia 13 ya shahada za kwanza walizopata Weusi. Namba zote mbili ni za serikali na ni sahihi. Ila ile asilimia 9 inagawiwa kwa wanafunzi wote Weusi, wakiwemo wa vyuo vya jamii vya miaka 2 ambavyo kwa kawaida havitoi shahada ya kwanza. Ukiviondoa, pengo la kujivunia linapungua. Vivyo hivyo utafiti wa Gallup wa 2015: asilimia 55 ya Weusi waliohitimu vyuo hivi walikubali kwa nguvu kwamba chuo kiliwaandaa kwa maisha, dhidi ya asilimia 29 ya Weusi waliohitimu vyuo vingine. Ni tofauti kubwa na tunaiamini. Lakini walioulizwa ni waliohitimu. Aliyeondoka mwaka wa pili na deni la dola elfu kadhaa hakupigiwa simu.

Sasa tuseme la admisheni, maana ndiko kishawishi kinakokaa. Njia rahisi kuliko zote ya kupandisha asilimia ni kubana mlango. Chuo cha mfano wetu kikipandisha alama za kuingilia na kupokea 600 badala ya 1,000, huenda kiwango kikapanda kutoka asilimia 38 hadi 52. Magazeti yatasifu. Lakini asilimia 52 ya 600 ni watu 312. Chuo kimepanda pointi 14 na kimetoa wahitimu 68 pungufu. Kwa hiyo tunaomba kila mnapochapisha asilimia, pembeni yake pawe na idadi halisi ya wahitimu na ya wenye Pell miongoni mwao. Bodi ikiona asilimia inapanda huku idadi inashuka, iulize.

Mchumi Raj Chetty na wenzake walitoa mwaka 2017 kipimo kinachoziba tundu hili. Huchukua sehemu ya wanafunzi wanaotoka katika familia za moja ya tano ya chini kwa kipato, na kuizidisha kwa sehemu ya hao waliofika moja ya tano ya juu walipokuwa watu wazima. Chuo chenye asilimia 30 ya maskini, na asilimia 20 yao wakafika juu, kina kiwango cha 6. Chuo cha kitajiri chenye asilimia 4 ya maskini, na asilimia 60 yao wakafika juu, kina 2.4. Huwezi kupandisha namba hii kwa kuwafungia mlango maskini, na hilo ndilo linalotufanya tuipende. Udhaifu wake ni kwamba inachelewa: inaeleza habari za walioingia miaka mingi nyuma, hivyo haikuambii ufanye nini Jumatatu.

Cha kufanya Jumatatu kiko ndani ya muhula, na hapa tunaomba mtuvumilie kwa maelezo marefu.

Anzeni na krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi vinavyojumlishwa hadi shahada. Mwanafunzi wa krediti 12 kwa muhula anaitwa wa muda wote, na Pell yake kwa kawaida haikatwi kwa sababu ya idadi ya krediti. Mihula 8 ya krediti 12 ni krediti 96. Shahada nyingi zinahitaji 120. Amefanya kila alichoambiwa, hajafeli hata kozi moja, na bado ana mwaka mzima mbele yake. Pell nayo ina kikomo cha mihula 12 maishani. Akirudia kozi tatu nne, akabadilisha programu mara moja, kikomo kinamkuta hajamaliza. Kipimo cha kufuatilia hapa ni asilimia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliopata krediti 30 kufikia mwisho wa Agosti, muhula wa kiangazi ukijumlishwa. Tunasema waliopata, si waliojisajili. Ofisi nyingi hupima usajili kwa sababu ni rahisi kuuchomoa kwenye mfumo. Mtu aliyejisajili krediti 16 akafaulu 9 huonekana shujaa mwezi Septemba.

Fuateni kozi za mlangoni: aljebra ya chuo, uandishi wa mwaka wa kwanza, kemia ya jumla, biolojia, uhasibu wa kwanza. Kwa kila kozi hesabuni waliopata D, F na waliojiondoa, kisha gawanyeni kwa wote waliokuwepo tarehe ya sensa ya muhula, siku ambayo chuo huhesabu rasmi waliosajiliwa. Wastani wa kozi nzima haukuambii kitu. Aljebra inaweza kuwa na asilimia 37 ya walioanguka, lakini ukiichambua darasa kwa darasa ukakuta moja lina 15 na jingine 62, wanafunzi wakiwa wa alama zilezile za kuingilia. Hapo tatizo si "watoto wa siku hizi hawajui hesabu". Angalieni kama mtihani wa mwisho ni mmoja kwa madarasa yote, kama alama za kwanza zilitolewa kabla ya wiki ya nne, kama darasa la saa mbili asubuhi limejazwa waliochelewa kusajiliwa kwa sababu ya ada. Na angalieni upande wa pili pia: darasa lenye asilimia 15 huenda linafundisha vizuri, au linagawa alama. Jibu liko katika kozi inayofuata. Waliotoka darasa hilo wakianguka wote kwenye kalkulasi, basi mmeshajua.

Chuo Kikuu cha Xavier cha New Orleans, chini ya Norman Francis aliyekuwa rais tangu 1968 hadi 2015, kilijenga jina la kupeleka wanafunzi Weusi vyuo vya udaktari kwa kazi ya namna hii isiyo na mbwembwe. Walimu wa sayansi, J. W. Carmichael akiwa mmoja wao, walikubaliana mtaala mmoja wa kemia kwa madarasa yote, wakaandika vitabu vya mazoezi palepale chuoni, wakaweka majaribio ya mara kwa mara na makundi ya kujisomea, na wakamfuatilia mwanafunzi kwa jina kuanzia mwaka wa kwanza. Hawakusubiri miaka 6 kujua nani anazama. Ndiyo maana tunakereka tukiona chuo kinanunua programu ya bei kubwa ya kutabiri nani ataacha masomo, ilhali alama za katikati ya muhula zinaingizwa na nusu ya walimu tu. Programu hiyo itatabiri kwa kutumia hewa.

Halafu kuna ule mtego wa kujiondoa kwenye kozi. Mshauri mwenye nia njema humwambia mwanafunzi, "Jiondoe, ulinde GPA yako." GPA, yaani wastani wa alama, inalindwa kweli. Lakini kanuni za misaada ya serikali kuu hupima pia mwendo: krediti ulizofaulu ukigawa kwa ulizojaribu, na kozi uliyojiondoa imehesabiwa kama uliyojaribu. Vyuo vingi vimeweka mpaka wa asilimia 67. Aliyeanza na krediti 15, akajiondoa kwenye kozi mbili za krediti 3, amefaulu 9 kati ya 15, asilimia 60. GPA yake inaweza kuwa 3.2 na bado akapokea barua ya onyo kuhusu misaada, na akirudia hivyo muhula unaofuata, misaada inasimama. Nyumbani Afrika Mashariki mwanafunzi anaogopa kudisko kwa sababu ya alama. Huku mtu anadisko akiwa na alama nzuri, kwa hesabu ambayo hakuna aliyemweleza. Tunataka kila fomu ya kujiondoa ipite kwa mtu wa ofisi ya misaada ya fedha, aandike juu yake asilimia itakavyokuwa baada ya kusaini. Na takwimu ya waliopoteza misaada kwa sababu ya mwendo peke yake iletwe kwenye bodi kila muhula.

Fedha yenyewe sasa. Zuio la usajili kwa sababu ya deni ndilo kisu kinachokata zaidi, na ndilo linalopimwa kidogo kuliko yote. Wiki sita kabla usajili haujafungwa, mhasibu na msajili watoe orodha moja ya pamoja: wanafunzi wenye GPA ya 2.0 au zaidi, waliofikisha krediti 90, wenye deni lisilozidi dola 1,000. Katika vyuo vingi orodha hiyo haijawahi kutolewa kwa sababu deni liko kwenye mfumo mmoja na krediti kwenye mwingine, na ofisi mbili hazisalimiani. Ruzuku ya kumalizia masomo ianzie hapo. Inaharibika kwa njia inayojulikana: fedha humwendea anayejua kugonga milango, si aliye kwenye orodha, au hutolewa bila mtu kurudi baada ya miezi 12 kuandika kama aliyepewa alihitimu. Bila mstari huo wa mwisho, mfadhili akiuliza mafanikio mtamwonyesha kiasi mlichotumia.

Kuna kundi jingine ambalo halimo kwenye kipimo chochote. Mwanafunzi mpya anafika na masanduku, analala bwenini, anahudhuria wiki mbili, kisha madarasa yake yanafutwa kwa kutolipa kabla ya tarehe ya sensa. Kwa kuwa hakuwepo siku ya sensa, hakuingia kwenye mkupuo, yaani kundi la walioingia mwaka huo. Hakuacha chuo, hakufeli, kitakwimu hakuzaliwa. Usafi wa namna hiyo hupendezesha kiwango cha kubaki mwaka wa pili. Hesabuni waliofutwa, na muandike kiasi cha fedha kilichokosekana kwa kila mmoja.

Hili litakuwa zito zaidi. Mwaka 2011 vigezo vya mkopo wa wazazi wa serikali kuu, Parent PLUS, vilipokazwa, vyuo vyetu vilipoteza wanafunzi ghafla. Sheria ya 2025 imeweka kikomo kuanzia Julai 2026: dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mwanafunzi. Ofisi ya misaada inaweza leo hii kutoa majina ya wote waliokopewa zaidi ya 20,000 mwaka uliopita. Iwapo bodi haijaiona orodha hiyo, itaishia kuiona kama kushuka kwa kiwango cha kubaki, na mtu atasema tena kwamba hawakuandaliwa.

Sheria hiyohiyo imeleta kipimo cha kipato: programu ya shahada ya kwanza ambayo wahitimu wake hupata chini ya mtu wa miaka 25 hadi 34 mwenye cheti cha sekondari tu, kwa miaka 2 kati ya 3, hupoteza haki ya mikopo ya serikali kuu. Programu zitakazokaa karibu na mstari ni zile ambazo jamii inazihitaji, malezi ya watoto wadogo na ustawi wa jamii mathalani, na wahitimu wetu huingia kwenye soko la ajira linalowalipa Weusi pungufu kwa kazi ileile. Kuulalamikia mstari ni haki yenu. Kutojua programu zipi ziko karibu nao ni uzembe.

Kuhusu ajira kwa jumla, mkituambia kwamba "asilimia 91 wana kazi au wanaendelea na masomo", tutauliza wangapi walijibu. Chama cha vyuo na waajiri, NACE, kinataka chuo kijue walikoishia angalau asilimia 65 ya wahitimu. Asilimia 91 ya robo ya wahitimu si habari. Mitihani ya leseni ina ujanja wake pia. Programu ya uuguzi inaweza kujivunia ufaulu wa asilimia 95 kwenye NCLEX baada ya kuwazuia wasiofikia alama fulani kwenye mtihani wa ndani wasiruhusiwe hata kuukaribia mtihani wenyewe. Onyesheni ngazi nzima: walioingia uuguzi, waliomaliza, waliofanya mtihani, waliofaulu mara ya kwanza. Ngazi inayovuja itaonekana bila kuitaja.

Kupima kile mwanafunzi alichojifunza tutakupitia haraka, kwa sababu kasoro yake ni ileile miaka nenda miaka rudi. Idara huandika lengo kwamba asilimia 80 ya wanafunzi watapata alama 70, hutumia alama za kozi kama ushahidi, lengo hufikiwa kila mwaka, ripoti huwekwa kabatini. Alama ya kozi imechanganya mahudhurio, kazi za nyumbani na huruma. Chukueni kazi 30 za mwaka wa mwisho, ziondoleeni majina, wasomaji wawili wazisahihishe kwa mwongozo mmoja, na pale wanapotofautiana kwa ngazi mbili au zaidi wakae wazungumze. Mazungumzo hayo yana faida kuliko jedwali.

Vyombo vya ithibati havijawafunga mikono. Kanuni ya 8.1 ya SACSCOC, chombo chenye vyuo vyetu vingi vya Kusini, inataka chuo kijiwekee malengo ya mafanikio yanayolingana na dhamira yake na aina ya wanafunzi kinaowahudumia, kitumie vipimo zaidi ya kimoja, na kichapishe. Huo ni mlango wazi, na tunauacha bila kuupita. Ripoti hurudishwa kwa sababu zilezile: lengo lisilo na sababu ya kuchaguliwa, kiwango cha chini kilichowekwa chini mno ili kisivunjwe, takwimu ambazo hazijagawanywa kwa jinsia, kwa Pell, kwa waliohamia. Ukigawanya kwa jinsia utaona pengo kati ya wavulana na wasichana ambalo wastani umelificha.

Vyuo vidogo vina tahadhari yao. Chuo kinachopokea wanafunzi wapya 150 kwa mwaka, kila mmoja ni theluthi mbili za pointi. Watu 6 wakihitimu zaidi, kiwango kinapanda pointi 4, na rais anapewa tuzo. Mwaka unaofuata 6 wanapungua. Tumieni wastani wa miaka 3 mfululizo, na msichapishe kundi lenye watu chini ya 10, kwa sababu watajulikana.

Mnapojilinganisha, chagueni wenzenu kwa kiasi cha Pell, fedha mnazotumia kwa mwanafunzi na aina ya programu. Kulinganishwa na Spelman, chuo cha wanawake Weusi cha Atlanta, ambako karibu robo tatu huhitimu ndani ya miaka 6, hakukisaidii chuo cha umma cha mji mdogo chenye wanafunzi wengi wanaofanya kazi usiku. Na historia ya fedha iandikwe karibu na namba. Barua za Septemba 2023 za mawaziri wa wakati huo, Miguel Cardona wa elimu na Tom Vilsack wa kilimo, kwa magavana 16 zilikadiria upungufu wa zaidi ya dola bilioni 12 kwa vyuo vya ardhi vya 1890, yaani vyuo vya Weusi vilivyotambuliwa kwa sheria ya ardhi ya mwaka huo, kati ya 1987 na 2020; Tennessee State pekee dola bilioni 2.1. Mabunge ya majimbo yanayopenda kutoa fedha kwa kufuata matokeo yakumbushwe kiasi hicho kwenye ukurasa uleule wa matokeo.

Mkupuo ulioingia Agosti 2020, ule wa barakoa na masomo ya mtandaoni, unafungwa tarehe 31 Agosti 2026. Namba yake itakuwa ya ajabu, kama itakavyokuwa ya walioingia 2024 baada ya FAFSA, fomu ya kuomba misaada ya fedha ya serikali kuu, kuchelewa na kujaa makosa. Msiutangaze kama ushindi wala msiuzike. Katika kikao cha kwanza cha bodi baada ya tarehe hiyo, tunaomba liwekwe mezani jedwali la ukurasa mmoja lenye kila aliyeingia mwaka 2020, wakiwemo waliohamia, wa muda pungufu na waliofutwa kabla ya sensa: wangapi wamehitimu kwenu, wangapi kwingine, wangapi bado wanasoma, na waliobaki wana krediti ngapi na wanadaiwa kiasi gani. Wale wenye krediti zaidi ya 90 wapigiwe simu na mtu mwenye mamlaka ya kuondoa zuio siku hiyohiyo, na nakala ya jedwali iwekwe mahali ambapo mzazi anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa.

Wenu katika kazi,

Wachambuzi wa takwimu, washauri wa masomo na walimu wazungumzao Kiswahili